Kabla hamjagawana fedha za shamba

Ndugu msomaji wa Pongwe, ujumbe wako unaouliza kama wewe na ndugu zako mgawane fedha za shamba la minazi au mnunue basi umenikosesha usingizi, kwa sababu mwaka 2011 niliulizwa swali hilohilo mbele ya ukoo mzima, nami nikalijibu vibaya.

Mimi ndiye mkubwa nyumbani kwetu. Tulipouza shamba la marehemu baba nilisema tununue Hiace mbili za kwenda Muheza, na hakuna aliyenipinga ila shangazi, ambaye, nakiri kwa aibu, nilimnyamazisha. Kufikia mwaka 2014 gari moja lilikuwa limepandishwa juu ya mawe kwenye gereji moja huku Makorora, la pili tumeliuza kulipa madeni, na wadogo zangu wawili hawanisalimii. Yaliyopita katikati siyaelezi. Aliyewahi kumiliki daladala anayajua.

Ndipo nilipoanza kusoma habari za mifuko ya utajiri wa taifa, yaani fedha ambazo serikali huziweka kando kutokana na mafuta, gesi, madini au ziada ya biashara, kisha huziwekeza, mara nyingi nje ya nchi. Nilijikuta Nauru. Nauru na Kiribati ni majirani katika Bahari ya Pasifiki, na zote mbili zilipata fedha kwa fosfeti, madini ya kutengenezea mbolea. Nauru ilijenga ghorofa refu mjini Melbourne, ikaendesha shirika la ndege lililorusha viti vitupu (hapo niliziona Hiace zangu), na mwaka 2004 ghorofa lile likauzwa kwa sababu ya madeni. Kiribati iliundiwa mfuko mwaka 1956, ikiwa bado chini ya Waingereza; uchimbaji ulikoma mwaka 1979, lakini mfuko upo hadi leo.

Wala usidhani haya ni mambo ya visiwani. Mfuko wa Kuwait ulianza mwaka 1953, kabla nchi haijapata uhuru, na kwa miaka mingi mifuko ya namna hiyo ilifanya kazi kimyakimya. Siku hizi ndiyo inayobishiwa hodi. Benki ya Citigroup ya Marekani ilipotetereka, Novemba 2007, mfuko wa Abu Dhabi uliingiza dola bilioni 7.5. Mwaka 2021 ule wa Saudia uliongoza ununuzi wa klabu ya Newcastle, na hata kwenye vitalu vya gesi vya bahari yetu ya kusini, hapa Tanzania, iliingia kampuni iliyokuwa ya Temasek, mfuko wa Singapore. Mfuko wa Norwei, ulio mkubwa kuliko yote, unamiliki takriban asilimia 1.5 ya hisa zote zilizoorodheshwa katika masoko ya dunia.

Nguvu hiyo imetokana na kutogusa mtaji. Wanorwei waliweka fedha za kwanza mwaka 1996, na mwaka 2001 wakakubaliana kwamba serikali itumie takriban asilimia 4 tu ya mfuko kwa mwaka, kiwango walichokishusha hadi asilimia 3 mwaka 2017. Mwaka 2008 mfuko ulipoteza asilimia 23 hivi. Hawakukimbia, waliendelea kununua hisa wakati wengine wakiuza, na mwaka uliofuata ukapanda kwa asilimia 25 na zaidi.

Kwa hiyo mwaka 2018, tulipouza kiwanja cha Mikanjuni kwa shilingi milioni 46, nilikwenda kumwomba shangazi radhi, kisha nikaandika kanuni kabla fedha hazijaingia benki: mtaji haugusiki, nusu ya mapato ya mwaka inarudi mfukoni, nusu inasomesha watoto. Sehemu kubwa tuliiweka kwenye hatifungani za serikali, yaani tuliikopesha serikali kwa riba. Shangazi alikataa katakata riba, hivyo fungu lake tulilinunulia hisa katika Soko la Dar es Salaam, na hisa zile ziliposhuka yeye ndiye aliyekataa kuuza, wakati sisi wasomi tunatetemeka. Shemeji yangu alicheka sana na kunipachika jina la Mnorwei, jina ambalo hadi leo naitwa msibani na harusini.

Nawe andika kanuni kabla fedha hazijaingia, narudia, kabla. Fedha zikishafika, kila mtu ana mgonjwa, kila mtu ana paa linalovuja, na wote wanasema kweli. Hata serikali yetu ilitunga sheria ya kusimamia mapato ya mafuta na gesi, yenye mfuko wake, mwaka 2015, mapema. Daftari la hesabu mpeni yule mliyezoea kumnyamazisha. Na wewe kijana unayeniandikia kutaka utajiri wa miezi sita, tafuta mshauri mwingine.

Mwezi uliopita mfuko ulilipa ada za watoto watatu bila kuuza kitu. Shemeji alinipigia simu usiku, kwa adabu ambayo sijawahi kuisikia kwake, akiuliza fungu la mke wake limefikia kiasi gani. Nilimjibu kwamba daftari liko kwa shangazi, Raskazone, na hufunguliwa Juni.