Miche Imekauka na Wanachama Wamepungua: Klabu Ifanye Nini?

Mwezi huu tumechagua barua tatu kutoka kando ya Ziwa Victoria, zote zikihusu vikundi vya kujitolea.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni katibu wa klabu ya kujitolea katika mji mdogo wa wakulima wilayani Magu. Tupo wanachama 26: walimu, wauguzi, wenye maduka, mafundi, na wakulima wa pamba na mpunga. Tarehe 1 Aprili, Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, tulipanda miche 400 kando ya barabara na kuizunguka shule ya msingi, tukapiga picha na mgeni rasmi. Ilipofika Septemba, iliyokuwa hai haikufika 30. Mingine ilikauka na mingine ililiwa na mbuzi. Novemba tuliitisha siku ya kusafisha mwalo, yaani ufuo wa kuegeshea mitumbwi ya wavuvi, na kung'oa magugumaji, wakaja watu 8 tu. Baadhi ya viongozi wanataka wanaokosa watozwe faini. Je, tuwatoze? Na ni shughuli gani zinazotufaa?

JIBU: Ndugu Katibu, suala la faini liwekeni kando kwanza, muitazame kalenda mliyoifuata. Novemba mvua zinapoanza kushika, mkulima wa pamba na mahindi anakimbizana na udongo, na siku moja ya kupanda akiipoteza huenda akaijutia hadi mavuno. Mwanachama ambaye hakuonekana mwaloni siku hiyo alikuwa shambani, na mimi ningemshangaa kama angekuwa mahali pengine.

Kosa la miche ni hilohilo, ila limegeuzwa. Katika ukanda wenu mvua huelekea kukoma mwezi Mei, kwa hiyo mche uliopandwa tarehe 1 Aprili hupata wiki chache tu za unyevu kabla ya kukabiliwa na kiangazi cha Juni hadi Septemba, mizizi yake ikiwa bado haijashuka. Siku ya Taifa inafaa kwa kuhamasisha watu, lakini mche haujui sikukuu. Wakati wake mzuri ni mwanzoni mwa msimu, udongo ukishalowa vizuri, ili ukue pamoja na mvua zote zinazofuata.

Utaniuliza: mwanzoni mwa msimu si ndipo wakulima hawana nafasi? Ni kweli, na ndiyo maana kazi igawanywe. Mashimo yachimbwe Agosti na Septemba, pamba ikiwa imekwishavunwa na watu wana nafasi, kisha yajazwe samadi na udongo wa juu na kuachwa yasubiri mvua. Ikinyesha, kupanda mche mmoja katika shimo lililo tayari ni kazi ya dakika chache ambayo mtu anaweza kuifanya asubuhi akielekea shambani. Punguzeni pia idadi. Miche 60 iliyogawiwa kwa majina, kila mmoja ukiwa na kaya inayouangalia, ina faida kuliko 400 ambayo kila mtu anadhani ni ya mwenzake. Mwembe, mpera na mwarobaini uani mwa mtu hupata maji ya kuoshea vyombo bila kuitishwa kikao. Mti wa kando ya barabara hauna mama.

Kuhusu mbuzi, kumbukeni kwamba baada ya mavuno mifugo huachiwa kula mabua, na desturi hiyo haitaondolewa na tangazo la klabu. Zungushieni miiba, au, jambo ambalo ningelipendelea zaidi, jifunzeni kwa majirani zenu wa Shinyanga. Huko miti mingi ilifyekwa miaka ya ukoloni ili kuwaangamiza mbung'o na kupanua mashamba, na nchi ikabaki kipara. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, ulipoanza mwaka 1986, mafanikio yake makubwa hayakutokana na miche ya kwenye vitalu bali na kufufua ngitili, yaani utaratibu wa Wasukuma wa kufunga eneo la malisho wakati wa mvua ili litumike kiangazi. Eneo likipumzishwa, visiki na mbegu zilizokuwa ardhini huchipua zenyewe. Njia inayofanana na hiyo imeenezwa mkoani Dodoma kwa jina la kisiki hai: mkulima huchagua machipukizi machache yenye nguvu kwenye kisiki, hukata mengine, huyatia alama na kuyalinda yale aliyoyaacha. Haidai maji wala pesa ya kununulia miche, na mizizi tayari iko chini. Klabu yenye walimu na wakulima pamoja inaweza kuifundisha kwa mchana mmoja katika shamba la mwanachama.

Sasa niseme jambo ambalo hukuliuliza, lakini limenitia wasiwasi kuliko miche. Mlikusudia kuwaingiza watu majini wang'oe magugumaji kwa mikono. Maji ya kando ya ziwa ndiyo makazi ya konokono wanaobeba kichocho. Vijidudu hutoka kwa konokono, huelea, na hupenya ngozi ya mtu bila kuhitaji jeraha. Kwa upande wa ziwani kichocho kilichozoeleka ni kile cha tumbo, na kwenye malambo ya bara ni kile cha kukojoa damu. Watu 8 waliokuja na kuingia majini wamwone mganga wa zahanati na kumweleza tarehe waliyoingia, kwa sababu dawa ya prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa kuliko iliyo michanga, hivyo wakati wa kuimeza una maana. Siku nyingine fanyeni kazi kutoka nchi kavu kwa reki ndefu, mkivaa buti za mpira, na kwanza mzungumze na viongozi wa kikundi cha usimamizi wa uvuvi cha mwalo huo, ambao ni wenyeji wa pale kuliko ninyi.

Kichocho kinanipeleka kwenye shughuli ambayo ningewashauri muishike mwaka huu. Mayai ya minyoo hufika majini kupitia mkojo na kinyesi cha binadamu, na mahali ambapo watu wengi hukusanyika bila choo cha maana ni mnadani. Jengeni choo cha mnada. Najua hakipendezi kwenye picha. Lakini klabu ya kwanza ya Rotary, mtandao wa klabu za kujitolea duniani, iliyoanzishwa na Paul Harris na wenzake mjini Chicago mwaka 1905, ilipotafuta kazi yake ya kwanza ya kuuhudumia mji, ilianza mwaka 1907 kuhimiza kujengwa kwa vyoo vya umma. Juni hadi Septemba ni miezi ya ujenzi: hakuna mvua, tofali zinakauka, na mkulima aliyeuza pamba ana chochote mfukoni. Ardhi ya mnada ni ya halmashauri au ya kijiji, basi ruhusa itangulie, iwe ya maandishi. Na kabla ya tofali la kwanza, amueni nani atakifagia choo hicho na atalipwa kutoka mfuko gani.

Faini? Wasukuma walilima kwa vikundi vya vijana chini ya nsumba ntale, yaani kiongozi wa vijana, ngoma ya bugobogobo ikiyapa majembe mwendo, na watu walikuja kwa sababu kesho zamu ingekuwa ya shamba lao. Ninyi mnamwita mkulima akasafishe mahali ambapo hapiti. Mpeni kwanza kazi inayomgusa; akikosa hiyo mara tatu, zungumzeni.

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi ni vijana wa Ukerewe. Katika kikundi chetu cha kujitolea wapo wanaodai posho kila tunapokwenda kisiwa kingine. Je, kujitolea kwa posho bado ni kujitolea?

JIBU: Nauli ya mtumbwi na chakula cha mchana si posho. Kijana asiye na nauli akiambiwa ajilipie, kikundi kitabaki na watoto wa wenye maduka peke yao. Lipeni gharama halisi kwa risiti au kwa daftari lenye saini, lisomwe mbele ya wote kila mwezi. Zaidi ya hapo ni ujira, na anayetaka ujira aambiwe ukweli kwa upole. Msitegemee pia mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri kwa kazi hii: ile ni ya vikundi vya kiuchumi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na hurejeshwa.

SWALI: Ndugu Mhariri, klabu yetu hapa Sengerema imepata ahadi ya maboksi ya miwani iliyotumika kutoka ng'ambo. Tuigawe vipi kwa wazee?

JIBU: Msiigawe bila kipimo. Mzee akikabidhiwa miwani ya mtu mwingine ataipenda siku ya kwanza, kisha ataiweka kwenye kabati. Tena wengi wenye ukungu machoni wana mtoto wa jicho, ambao hautibiwi kwa miwani bali kwa upasuaji wa kuondoa lenzi iliyochafuka na kuweka nyingine. Kazi yenu iwe ya miguu: kuwaorodhesha wazee kaya kwa kaya, kupanga siku na wataalamu wa macho wa hospitali, kuwapatia usafiri, kumsindikiza mwenye kuogopa, na kurudi kumtazama baada ya upasuaji. Msimpe mtu dawa ya matone kwa kukisia.

Katika nchi ya Usukuma siku ya macho ina uzito mwingine pia. Bibi vikongwe wamewahi kuuawa kwa tuhuma za uchawi kwa sababu tu macho yao ni mekundu, na moshi wa kupikia ni miongoni mwa vinavyoyafanya yawe hivyo. Mwombeni mtaalamu alieleze jambo hilo kwa sauti, mbele ya wanaume, mkutano ukiwa umejaa.