Suti moja kwa shughuli tatu

SWALI: Mhariri mpendwa, nimeitwa kwenye usaili wa kazi serikalini mjini Kampala, na mwezi huohuo nitahudhuria harusi ya rafiki yangu kanisani na kwanjula ya binamu yangu, yaani sherehe ya Kiganda ambapo bibi harusi humtambulisha bwana harusi kwa familia yake. Fedha zangu zinatosha kununua suti moja tu iliyo nzuri. Nichague ya namna gani, na je, itafaa kote huko? – Msomaji, Arua

JIBU: Dada mpendwa, anza na usaili, kwa kuwa ndio wenye masharti. Mwaka 2017 Wizara ya Utumishi wa Umma ilitoa waraka uliowakataza watumishi wa kike kuvaa sketi zinazoishia juu ya magoti, nguo zisizo na mikono na blauzi zinazoonyesha mwili, nawe hutaki kuingia kwa wakuu hao ukiwa umekiuka utaratibu wao kabla hujaajiriwa. Sketi ikifika magotini ukiwa umesimama, ijaribu tena ukiwa umeketi mbele ya kioo, kwani ya kubana hupanda. Ikiwa utafika huko kwa bodaboda, nakushauri uchukue suruali. Rangi iwe bluu iliyokoza au kijivu.

Jambo ninalokusihi ulitazame kuliko yote ni mabega ya koti. Mshono unaounganisha mkono na bega uishie pale mfupa wa bega unapoishia. Ukining'inia nje ya hapo, liache koti hilo hata kama bei yake inavutia, kwa sababu fundi anaweza kupunguza kiuno, kufupisha mikono na kukunja pindo la suruali kwa gharama ndogo, lakini kurekebisha mabega ni kulifumua koti na kulishona upya. Ukienda kutafuta mitumba katika soko la Owino mjini Kampala, ambako makoti mazuri hupatikana kwa mwenye subira, kagua pia sehemu ya mbele karibu na vifungo: kitambaa kilichofanya malengelenge kinaonyesha kwamba gundi ya ndani imeachia, na hakuna pasi itakayokinyoosha. Kisha kifinye kitambaa kwenye ngumi na kukiachia. Kikibaki na makunyanzi, kitakuaibisha ukishuka kwenye basi kutoka Arua. Ni heri usafiri na nguo nyingine, suti ukaivae Kampala.

Kwa harusi, suti hiyohiyo inatosha ukibadilisha blauzi ya kazini kwa ya hariri yenye rangi changamfu, ukaongeza hereni na viatu vya kisigino.

Kwanjula ni habari nyingine. Ukiwa katika msafara wa bwana harusi, wanawake wenzako watavaa gomesi, lile vazi refu la kitamaduni la wanawake wa Uganda, na huenda mkaketishwa kwenye mikeka, hivyo suti itakutenga nao na kukutesa kukaa. Azima gomesi kwa ndugu, ila waulize kwanza wanaoandaa shughuli, maana mara nyingi upande mzima hukubaliana rangi moja.