Binti yangu alipoota maziwa akiwa na miaka saba

Mwanangu alikuwa na miaka saba na miezi michache siku nilipokuwa nikimwogesha, hapa kwetu Wete, nikagusa kivimbe kigumu chini ya chuchu yake, akaruka kwa maumivu. Wakubwa wa nyumbani walisema ni damu tu ya ukoo wetu, nami kwa haya nikanyamaza miezi minne, ambayo naijutia hadi leo.

Daktari wa watoto alinieleza kwamba msichana anayeota maziwa kabla ya kutimiza miaka minane anastahili kuchunguzwa, kwa sababu tezi iliyo chini ya ubongo huenda imeamsha vifuko vya mayai kabla ya wakati. Alipigwa eksirei ya mkono wa kushoto, ikaonekana mifupa yake imetangulia umri wake. Nilikuwa nikijisifu kwamba amewapita wenzake kwa urefu, kumbe mifupa inayokimbia hivyo huwahi kufunga, na mtoto huenda akaishia kuwa mfupi. Wasichana wengi hawakutwi na ugonjwa wowote, lakini mara chache chanzo huwa uvimbe kichwani, ndiyo maana nakusihi usikisie nyumbani. Zipo sindano za kuchelewesha balehe. Si kila mtoto huzihitaji.

Kwa kawaida hedhi hufuata miaka miwili hivi baada ya maziwa kuanza, kwa hiyo usingoje aione damu ndipo umwambie. Mimi nilimwomba somo wake, yaani mwanamke wa kumfunda, amfundishe usafi na kujistiri tu, na mambo ya unyumba ayaache kabisa. Tarehe yake ya kuzaliwa pia iandikwe vizuri, kwani katika madhehebu yetu ya Shafi damu inayotoka kabla ya takriban miaka tisa ya mwezi mwandamo haihesabiwi hedhi, na baada ya hapo hukumu za sala na saumu hubadilika.

Lililonichosha zaidi ni macho ya watu. Walianza kumwita mwari, wakimtaka aache kucheza mdako na apike kama mtu mzima, na wapo wanaume waliomtazama kwa namna iliyonitia hofu. Sikumwambia kuwa ana kosa. Niliacha kumtuma dukani jioni, nikamweleza kwa maneno yaliyo wazi nani asimguse na wapi, na kila aliyemwita mwari nilimjibu mbele yake kwamba huyu ana miaka saba.