Bibi Maendeleo Anajibu: Makumbusho ya sayansi, majirani na ofisi za serikali

*Shikamoo Bibi. Nimeajiriwa kuwa afisa uhusiano wa makumbusho ndogo ya sayansi hapa Arusha. Tuna darubini, chumba cha umeme na sumaku, na kona ya maji ambayo bado inaandaliwa. Mkurugenzi wangu ananihimiza nimtafute Mkuu wa Mkoa awe mgeni rasmi siku ya ufunguzi, anasema tukimpata huyo milango yote itafunguka. Lakini mtaani wanatuita "jumba la Wazungu", akina mama wanalalamika kwamba ukuta wetu umeziba njia waliyokuwa wakipita kwenda sokoni, na shule nilizozialika hazijajibu. Nianzie juu au chini?*
*Binti wa Sakina*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kazi. Anzia kwenye ukuta.

Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, na usimpelekee mwaliko. Mwombe akuweke kwenye ajenda ya mkutano wa hadhara wa mtaa, halafu uende na mkurugenzi wako, mkiwa na ramani ya kiwanja mkononi. Kaeni kwenye mabenchi pamoja na watu, msikae meza kuu. Waacheni akina mama waseme hadi wamalize. Kama mnaweza kutoboa geti dogo la kupitisha watu mchana, tajeni siku litakapokuwa tayari, na siku hiyo liwe tayari kweli. Kama haiwezekani, semeni haiwezekani na mweleze sababu. Fulana na kofia zenye nembo yenu ziacheni ofisini. Mtu aliyezibiwa njia hana hamu ya kusikia habari za sayari, na ana haki.

Mkishamalizana, ombeni ruhusa ya mwenyekiti mrudi jioni moja na darubini, muisimamishe palepale wanapofanyia mkutano, katika msimu ambao sayari ya Mshtarii (Jupita) inaonekana mapema. Mama muuza ndizi ainame, afumbe jicho moja, aone ile nukta angavu imezungukwa na vinukta vinne vilivyojipanga kwenye mstari. Hivyo ni miezi inayoizunguka sayari hiyo, ileile aliyoiona mwanasayansi Galileo mwaka 1610. Kesho yake hutasikia tena "jumba la Wazungu", utasikia "kule kwenye darubini", na watoto watakuja wenyewe kuuliza mnafungua lini.

Mkurugenzi wako anaona hii ni njia ndefu. Mwambie hivi: Mkuu wa Mkoa na Mkuu wa Wilaya ni wateule wa Rais, na taarifa ya uteuzi au uhamisho ikitoka usiku, asubuhi ofisi ina mtu mwingine asiyewajua. Majirani hawahamishwi. Chukua mfano wa Ontario Science Centre ya Toronto, Kanada, makumbusho kubwa ya sayansi iliyofunguliwa mwaka 1969 na inayomilikiwa na serikali ya jimbo. Ijumaa ya tarehe 21 Juni 2024 serikali ilitangaza kuifunga siku hiyohiyo, kwa sababu ya paneli za zege jepesi kwenye paa, na uzio ukawekwa. Waliojitokeza kupinga ni pamoja na wakazi wa Flemingdon Park na Thorncliffe Park, mitaa jirani yenye wahamiaji wengi, wakisema paa linaweza kukarabatiwa na kwamba watoto wao hawana mahali pengine kama pale. Milango haikufunguliwa kwa kelele zao, lakini jambo lenyewe halikuzikwa kimyakimya. Jiulize, yenu ikifungwa kesho, nani pale Sakina atasimama barabarani?

Sasa ofisini. Baada ya mwenyekiti, mwone Mtendaji wa Kata, kisha Mheshimiwa Diwani, ndipo upande kwa Mkurugenzi wa Jiji na Mkuu wa Wilaya. Kila barua iwe na kumbukumbu namba, iwe na "Yah", ipite kwa waliotangulia, na nakala ya kwako igongwe muhuri wa kupokelewa masijala. Mazungumzo ya simu na mheshimiwa, hata yawe matamu namna gani, yaandikie barua ya kushukuru na kuthibitisha mlichokubaliana. Mimi nimefanya kazi halmashauri hadi nikastaafu, na najua afisa mpya anapoingia ofisini kitu cha kwanza anachoitisha ni faili. Kisichokuwa kwenye faili kwake hakijawahi kutokea.

Hizo shule zilizonyamaza hazijakudharau. Umemwandikia mkuu wa shule, na mkuu wa shule hatoi watoto nje bila kibali. Mwandikie Mkurugenzi wa Halmashauri, kwa usikivu wa Afisa Elimu Msingi na Afisa Elimu Sekondari, ueleze mada ipi ya muhtasari wa darasa gani mtafundisha. Kumbuka mipaka pia: shule ya Usa River iko Halmashauri ya Meru, siyo Jiji, kwa hiyo hiyo ni barua nyingine. Usialike darasa la saba karibu na Septemba, wala kidato cha nne mwezi Novemba. Na ukitaka halmashauri iwaweke kwenye bajeti yake, mwaka wa fedha unaanza Julai 1 lakini mipango inaandaliwa miezi mingi kabla, kwa hiyo ombi la mwezi Mei limeshapitwa na basi.

Nimefurahi kusikia kuna kona ya maji, na hapa nitakaa kidogo. Kama mtaonyesha bomba linalotiririka na picha ya mawingu, mtakuwa mmepoteza nafasi. Maji mengi ya chini ya Mlima Meru yanapita kwenye miamba ya volkano na kubeba madini ya floridi. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita, na vipo visima na chemchemi pande za Oldonyosambu na kwingineko vinavyozidi hapo mara nyingi. Nimewaona wasichana wa Arusha wanaocheka wameziba mdomo kwa kiganja kwa sababu ya meno ya kahawia. Kwa wengine madhara yanafika kwenye mifupa, miguu inapinda. Binti akija kwenu akajua kwamba hakukosea kupiga mswaki, kwamba ni maji aliyokunywa meno yake yakiwa bado yanakua ndani ya fizi, huyo atawaleta na wadogo zake.

Onyesheni na dawa yake. Kituo cha Ngurdoto kilicho chini ya Wizara ya Maji kimeshughulika miaka mingi na njia ya mifupa ya ng'ombe: inachomwa kwa hewa kidogo, inasagwa chengachenga, inawekwa kwenye kichungi, na kalisi iliyomo kwenye mfupa inaikamata floridi. Wekeni sahani tatu mezani. Ya kwanza mfupa uliochomwa kidogo, ambao hutia maji harufu. Ya pili uliochomwa sawasawa, mweusi au kijivu. Ya tatu uliochomwa kupita kiasi, mweupe kama chokaa, ambao nguvu yake ya kukamata imepungua. Mgeni aushike, aunuse. Na mjiandae kwa swali litakaloulizwa siku ya kwanza: mifupa hii imetoka wapi? Muislamu atataka kujua mnyama alichinjwaje, na kuna waumini wa dini nyingine mjini kwetu ambao ng'ombe kwao ni jambo zito. Kaeni na viongozi wao kabla ya kufungua, muwaulize wangependa ielezwe vipi.

Kabla ya hao, au wiki hiyohiyo, kaeni na Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Arusha. Ni kosa kubwa kumwalika mtumishi wa serikali aje asome ukutani, mbele ya waandishi wa habari, tatizo la maji anayoyasambaza yeye. Mpelekeeni maandishi ya bango yangali rasimu. Akisahihisha takwimu, shukuruni. Akiomba mfute ukweli wote, kataeni kwa adabu na mweleze kwamba mtaweka pia kazi wanayoifanya wao kupunguza tatizo. Wataalamu wa Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru nao wamelifanyia utafiti suala hili, waombeni wawe mezani. Mkifika hapo mgeni rasmi hatawasumbua kumpata, kwa kuwa mtakuwa na jambo analotaka kulizungumzia.

La mwisho kwako. Jirani akiwaletea fuvu la zamani au mawe yaliyochongwa, msiyapokee yakakaa kabatini. Kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Mpelekeni kwa wenzetu wa Makumbusho ya Taifa pale Boma la Wajerumani, wao wanajua taratibu.

*Shikamoo Bibi. Mimi ni mwalimu wa fizikia, Moshi Vijijini. Wazazi wako tayari kuchanga nauli wanafunzi waende Arusha kuona makumbusho ya sayansi, ila mkuu wa shule anaogopa. Na wazee wa hapa wananiuliza, sayansi gani hiyo isiyoijua mifongo yetu, mifereji yetu ya maji ya asili?*
*Mwalimu wa Kibosho*

Marahaba Mwalimu. Mkuu wako ana sababu. Tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016, michango shuleni ni jambo linaloangaliwa kwa macho mawili. Usikusanye hata shilingi mkononi. Jambo lipite bodi ya shule, wazazi wakubaliane kikaoni, muhtasari uandikwe, ombi la kibali lipande kwa Mkurugenzi, na mtoto ambaye mzazi wake hana asiachwe nyuma. Safari ni kilomita 80 hivi na mnavuka mkoa, kwa hiyo anzeni mapema.

Wazee wako wamesema kweli, na swali lao nalituma moja kwa moja kwa Binti wa Sakina na wenzake. Mfongo unatoa maji korongoni, unayazungusha ubavuni mwa mlima kwa mteremko mdogo sana: ukizidi maji yanakula udongo, ukipungua yanasimama na kutuama. Walioyapima hayo kwa macho na kwa maji yenyewe walikuwa wanafanya fizikia unayoifundisha ubaoni. Upareni wana ndiva za kuhifadhi maji ya usiku, na kule Engaruka, Monduli, mabaki ya mifereji ya mawe ya wakulima wa karne zilizopita yangalipo. Makumbusho iwaite wazee wa mfongo waje wasimamie ujenzi wa mfano wake, walipwe kama fundi yeyote anavyolipwa, na majina yao yaandikwe ukutani kama wanakubali. Nawe usisubiri kibali cha safari: darasa lako liupime mfongo ulio jirani na shule kwa mpira wa maji unaopitisha mwanga na rula, mwezi huuhuu.

*Bibi, tunaandaa hafla ya makumbusho yetu na tumeambiwa tutenge "bahasha" ya mgeni rasmi. Ni kawaida?*
*Mhasibu, Arusha*

Mhasibu, usitenge. Nauli na chakula cha wajumbe wa mtaa wanaoacha shughuli zao kuja kwenye kikao chenu ni halali, ilimradi kiwango kimeandikwa, ni kimoja kwa wote na wamesaini. Mgeni rasmi anakuja kwa gari la serikali akiwa kazini. Bahasha isiyo na jina la malipo haina pa kuingia kwenye vitabu vyako, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamhusu anayetoa sawasawa na anayepokea. Aliyekuletea ombi hilo mwombe aliandike. Asipoandika, endelea na maandalizi, na mwaliko uupeleke wewe mwenyewe kwenye ofisi ya Katibu Tawala wa Wilaya, ukiambatanisha ratiba na maelezo ya ukurasa mmoja ya kile mgeni atakachoonyeshwa.