Kolaji inajikunja na kubanduka: jibu langu kwa mleta mada

Mleta mada kauliza mawili: kwa nini kolaji (picha za vipande vya kubandika) anazobandika kwenye hadibodi zinajikunja na kubanduka, na awajibu nini wanaomwambia kubandika magazeti na vitambaa ni kazi ya chekechea. Mimi niko Mwanza, chumba changu cha kazi kiko Kirumba, na unyevu wa ziwa wakati wa masika unaijua kazi mbovu kabla hata ya mteja. Tuanze na gundi.

Karatasi ikilowa inatanuka, ikikauka inasinyaa na kuvuta ubao upande wake. Kwa hiyo bandika karatasi ya kaki nyuma ya ubao pia, ukubwa uleule, gundi ileile, siku ileile. Pande mbili zikivutana, ubao unabaki umenyooka. Na karatasi ilowanishe kidogo uisubiri itanuke kabla ya kuibandika, la sivyo itatanukia ubaoni ikuletee mapovu. Gundi nyeupe ya mbao inatosha. Uji wa muhogo nao unashika vizuri sana, ila mende watakushukuru. Kitenge kifute kwanza kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kikiacha rangi, kifue mpaka maji yatoke safi.

Kasheshe ni nyavu, ukitaka kuzitia kwenye kolaji. Nailoni hainywi maji kama karatasi, kwa hiyo gundi ya mbao inakaa juu juu tu, na ikikauka unaivua kwa kucha. Wavu haubandikwi mkuu, unashonwa. Toboa hadibodi kwa msumari mwembamba, chukua uzi wa wavuvi na ile sindano yao bapa ya plastiki, piga fundo kila baada ya macho kadhaa ya wavu. Wavu wa dagaa uliochakaa waulizie wavuvi pale soko la samaki la Mwaloni, lakini uloweke kwenye sabuni ya unga na kuuanika juani tena na tena, maana harufu ikishaingia chumbani mwenye nyumba atakuita. Na viraka usivikate! Utakuta tundu moja limeshonwa kwa uzi wa bluu, pembeni yake mtu mwingine kaja kushona kwa kijani, macho yake makubwa kidogo kuliko ya mwenzake. Mimi wavu wa hivyo siupaki hata tone la rangi.

Sasa hao wa chekechea. Mwaka 1912 mchoraji Picasso alibandika kwenye picha kipande cha kitambaa cha mezani kilichochapwa mchoro wa kiti cha kusukwa, kisha akaizungushia kamba ya kweli. Mwaka huohuo mchoraji mwenzake Braque alinunua mjini Avignon, Ufaransa, karatasi ya ukutani yenye mchoro wa mbao, akaibandika kwenye mchoro wa mkaa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, msanii Kurt Schwitters kule Hannover, Ujerumani, akawa anaokota tiketi za tramu na takataka nyingine za mjini na kuzibandika kwenye picha zake. Msanii Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi, anakata majarida ya mitindo na michoro ya zamani ya vitabu vya tiba, anaunda miili ya wanawake: mdomo umetoka kwenye tangazo la urembo, shavu limetoka kwenye mchoro wa ugonjwa, na unaviona vyote viwili. Hapo ndipo ilipo kazi. Kipande kinaingia kwenye picha na habari zake za kilikotoka.

Ndiyo maana, tusemezane ukweli, kwa ile kolaji yako ya samaki sangara hao jamaa wana hoja. Umekata magazeti ukayapaka rangi mpaka hakuna herufi inayosomeka. Ungetumia brashi tu ungeokoa gundi. Mimi ningetafuta habari ya bei ya mabondo (vile vibofu vya hewa vya sangara), nikaiacha isomeke palepale tumboni mwa samaki.

Ila gazeti lenyewe linageuka kahawia, karatasi yake ndivyo ilivyo. Hata magazeti aliyobandika Picasso yamegeuka. Kama hutaki hivyo, toa kopi kwenye karatasi nzuri kwa mashine ya leza, wino wake wa unga hauchuji ukigusa gundi. Printa za kawaida za wino wa maji zitakuchafulia kazi yote.