Kuotea nguruwe shambani: majani yanasaidia, upepo ndio unaoamua

Nguruwe hukugundua kwa pua, kwa hiyo kabla ya kuchuma jani lolote la kuficha harufu yako, nguo ya kuotea itoe kabatini. Makabati yetu yamejaa udi na marashi, na nguo iliyofukizwa haiachi harufu kwa kufuliwa mara moja. Ifue kwa sabuni isiyotiwa manukato, isuuze mpaka maji yatoke meupe, ianike mbali na moshi wa jiko, kisha iweke kwenye gunia kavu. Usiifunge kwenye nailoni: unyevu kidogo tu, inapata ukungu, nawe umebadilisha harufu moja kwa nyingine.

Ndani ya gunia tia konzi mbili tatu za majani yaliyonyauka kivulini kwa siku moja. Mabichi yanaoza. Majani gani? Yale yanayoota pale pale utakapokaa. Kwenye mikarafuu ya Pemba, majani ya mkarafuu na makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, ni sawa kabisa. Kwenye maweni, yaani ardhi ya mawe ya matumbawe, kama Makunduchi ya Unguja au Micheweni ya Pemba, karafuu ni mgeni na mgeni hunuswa. Huko chukua kivumbasi, ambacho pia kinapunguza mbu, maana dawa ya mbu ya dukani huwezi kujipaka. Mafuta ya karafuu ya chupa yaache. Yanachoma ngozi, na harufu yake inatangulia mbali kuliko jasho lako.

Jioni ya kuotea, chuma majani mabichi, yakung'ute vizuri kwa ajili ya majimoto, wale chungu wakali wa mitini, na uangalie usije ukavuta upupu uliojizonga humo. Yafikiche mikononi mpaka yatoe maji, ujisugue kofia, kwapa za shati, magoti na mikono. Mabuti ya mpira yapake udongo wa tuta lililofukuliwa. Fanya haya ukishafika, si nyumbani: ukitembea umevaa nguo hiyo utaitia jasho njiani. Weka fungu jingine la majani pembeni, kwani harufu inafifia baada ya saa chache.

Hata hivyo, pua ya nguruwe haichanganywi kirahisi. Ananusa kivumbasi, na ananusa mtu, kila kimoja peke yake. Majani yanapunguza tu, na faida yake inaonekana upepo unapoyumba kidogo. Ukivuma moja kwa moja kutoka kwako kwenda kwake, hata ujifunike kichaka kizima hatokei.

Kwa hiyo beba sufi kidogo mfukoni. Achia uzi mmoja mmoja, uangalie unaelea wapi hata hatua kumi mbele. Majivu yanaanguka mapema mno. Wakati wa kusi, upepo utokao kusini, kaa kaskazini ya njia ya nguruwe ukielekea kusini. Wakati wa kaskazi, upepo utokao kaskazini, kinyume chake. Tanga mbili, pepo hizo zinapopokezana, ndiyo taabu, pima kila mara, na ukiona sufi inazunguka, bora urudi ukalale. Dungu la juu linasaidia kwa karibu, ila mbele kidogo harufu inashuka chini.

Haya yote ni kwa nguruwe wanaofukua muhogo na viazi. Paa nunga ni mnyama anayelindwa, na hifadhi za Jozani na Ngezi si pa kuwindia.

Wanaosaka kwa mbwa wasijisumbue na majani, kelele zimeshawatangaza. Wanaohitaji ni wale tu wanaongoja kimya kwenye nyavu.