Maswali ya Wasomaji: Gemu Tulivu za Kucheza Pamoja, Ipi ya Kusubiri na Ipi ya Kuacha

Ndugu wahariri, mimi na mdogo wangu tuko Masasi na kila mmoja ana kompyuta mpakato ya RAM 8. Stardew Valley, ile gemu ya shamba, tumeicheza mpaka basi. Hela ya korosho ikiingia tunataka gemu mpya ya aina ile, tulivu, ya kucheza wawili. Tusubiri ipi?

Kaka, kwanza ondoa Haunted Chocolatier kwenye orodha, maana tunahisi ndiyo umeiweka juu. Ni kazi ya Eric Barone yuleyule wa Stardew. Ilitangazwa Oktoba 2021 bila tarehe ya kutoka, na imetangazwa kuwa ya mchezaji mmoja. Mdogo wako atakuwa anakuangalia tu.

Iliyo karibu zaidi na mnachotaka ni Witchbrook ya Chucklefish, kampuni iliyochapisha Stardew ilipotoka 2016. Ni chuo cha uchawi: mnahudhuria masomo, mnapanda mimea, mnavua, mnachemsha dawa, hadi wachezaji wanne. Ilisogezwa kutoka mwisho wa 2025 hadi 2026, kwa hiyo tarehe yake ishikeni kwa mkono mmoja. Nyingine ni Outbound, nayo ya hadi wanne: mnaishi ndani ya gari, mnaokota vifaa njiani na kulijenga kuelekea juu mpaka linakuwa nyumba. Hiyo ni ya 3D, hivyo kama kompyuta zenu hazina kadi ya picha ya kujitegemea, someni mahitaji yake kabla hamjaipenda.

Inayotuvutia sisi ni Big Walk ya House House wa Melbourne, wale waliotengeneza ile gemu ya bata bukini msumbufu ya 2019. Ila kwenu haifai, na sababu inachekesha. Wazo lake lote ni sauti: ukienda mbali na mwenzako kwenye gemu, humsikii tena, na hapo ndipo mafumbo yanapoanza. Ndugu wawili waliokaa sebule moja wanasikiana wakitaka wasitake. Isitoshe, ni ya mtandaoni.

Kabla ya kutenga hela, fungueni ukurasa wa gemu kwenye Steam, duka la gemu la mtandaoni, mtazame orodha ya sifa upande wa kulia. "Shared/Split Screen Co-op" maana yake skrini moja, nakala moja. "LAN Co-op" ni kompyuta mbili bila intaneti. Mkiona "Online Co-op" peke yake, jueni bando litatumika hata mkiwa mmekaa mkeka mmoja. Gemu nyingi mpya zina hiyo ya tatu tu, na hapo ndipo watu wa huku wanapoumia.

Msinunue kabla haijatoka. Mara tatu kwa mwaka, Februari, Juni na Oktoba, Steam huwa na wiki ya demo (vipande vya majaribio) za bure za gemu zinazokuja, iitwayo Next Fest. Jaribuni hapo. Mkishanunua na kuona haiendi, ombeni kurudishiwa ndani ya siku 14 mkiwa hamjafikisha saa 2 za kucheza. Hela itarudi, bando halirudi. Kwa sababu hiyo mmoja apakue, kisha mwenzake avute kutoka kwake. Kwenye mipangilio ya Steam, sehemu ya "Downloads", washeni uhamishaji wa faili ndani ya mtandao wa nyumbani. Wote wawili mnatakiwa muwe mmeingia kwenye akaunti, lakini mafaili makubwa yanapita kwenye Wi-Fi yenu.

Wanangu wana miaka 7 na 11, wanagombania kompyuta moja. Nataka wacheze pamoja, pasiwe na bunduki. Huyu mdogo Kiingereza bado. Mama wa Mikindani.

Mama, Kiingereza ndicho kitakachoamua. Stardew inasifiwa kila mahali, lakini imejaa maandishi na Kiswahili hakimo; wa miaka 7 atakuwa anauliza "imeandikwa nini?" kila dakika. Tafuta gemu inayoeleweka kwa picha.

Anza na Unrailed! ya 2020. Treni inatembea yenyewe, na kazi ya wachezaji ni kuitandikia reli kabla haijafika mwisho. Kipande kimoja cha reli kinahitaji gogo moja na chuma kimoja, kwa hiyo mmoja anakata miti na mwingine anavunja mawe. Mtu mmoja asipopeleka maji, treni inashika moto. Mtoto wa miaka 7 anaelewa hayo bila kusoma neno, na mkubwa hawezi kushinda peke yake. Hilo ndilo linalopunguza ugomvi. Mwanzoni mpe mdogo ndoo ya maji na shoka, mkubwa apange reli, maana kona moja mbaya humaliza mchezo.

LEGO Voyagers ya Septemba 2025 ni tulivu zaidi: vitofali viwili vidogo vinasaidiana safarini, hakuna mazungumzo, na ni ya watu wawili kamili. Overcooked, gemu ya kupika, nayo huonyesha oda kwa picha na ni nzuri kweli, ila usidanganyike na rangi zake. Ni jiko la harusi pilau ikianza kushika chini. Ukiitaka, chukua toleo la All You Can Eat, kwa sababu lina hali ya msaada inayoongeza muda. Habari njema: kwenye Overcooked watu wawili wanaweza kugawana padi moja (kile kifaa cha vitufe cha kuchezea), huyu kushoto, yule kulia.

Padi nunua mbili za waya. Za bei ndogo zisizo na waya huisha chaji katikati ya mchezo, na kile kipokezi chake kidogo hupotea siku ya tatu. Kabla hujatoka dukani, omba ijaribiwe: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika joy.cpl, chagua padi, bofya "Properties", bonyeza kila kitufe uone kinawaka. Ikionekana pale lakini gemu haiioni, padi iko kwenye hali ya zamani. Nyingi hubadilika ukishikilia kitufe cha katikati kwa sekunde kama 5 mpaka taa ibadilike. Na kwa kuwa mko pwani, msiiache dirishani. Hewa ya chumvi huanza kula kichwa cha USB. Futa kwa pamba yenye spiriti, ikiwa imechomolewa.

Tunacheza Stardew Lindi mjini, kompyuta mbili, kila mtu na nakala yake. Tunatumia hotispoti ya simu lakini mgeni hapati shamba la mwenyeji. Tumekata tamaa.

Msikate tamaa, tatizo hili karibu kila mara lina sababu nne.

Ya kwanza ni shamba lenyewe. Mwenyeji asilifungue kwa "Load". Apite "Co-op" kisha "Host". Na lazima kuwe na kibanda kisicho na mtu. Shamba jipya linakuuliza idadi ya vibanda mwanzoni. La zamani, nenda kwa Robin, seremala wa ndani ya gemu, akujengee.

Ya pili ni anwani. Msisubiri shamba lijitokeze lenyewe. Kwenye kompyuta ya mwenyeji fungueni cmd (dirisha la kuandikia amri), andikeni ipconfig, msome namba ya "IPv4" chini ya Wi-Fi, mfano 192.168.43.112. Mgeni aende "Co-op", "Join", kisha achague kujiunga na gemu ya LAN na kuandika namba hiyo. Inaweza kubadilika mkiwasha upya hotispoti, kwa hiyo ya jana msiiamini.

Ya tatu ndiyo kubwa: fayawoli ya Windows, yaani mlinzi anayezuia programu zisizoruhusiwa mtandaoni. Siku ya kwanza gemu ilipofunguliwa, Windows iliuliza kama iruhusiwe mtandaoni, na wengi hubonyeza "Cancel" kwa haraka. Tangu hapo imefungwa kimyakimya. Mwenyeji aende kwenye orodha ya programu zilizoruhusiwa, atafute Stardew Valley, aweke tiki zote mbili, "Private" na "Public", maana hotispoti ya simu mara nyingi huhesabiwa kama mtandao wa hadharani. Anayependa kufungua mlango wa mtandao (port) kwa mkono, ni UDP 24642. Mkijaribu ping (amri ya kupima kama kompyuta nyingine inapatikana) isipojibu, msihitimishe kwamba hamjaunganishwa. Windows yenyewe huwa inazuia majibu ya ping.

Ya nne ni toleo. Namba iliyo kwenye skrini ya mwanzo ifanane kwa wote, na kama mna mods (nyongeza zinazobadilisha gemu), ziwe zilezile.

Mkishaunganika, zimeni data kwenye simu. Gemu haiihitaji, ila Windows ikiona intaneti itaanza kupakua masasisho na asubuhi bando hakuna. Zimeni pia ile mipangilio inayoifunga hotispoti ikikaa kimya. Wi-Fi ya hoteli au chuo msipoteze muda nayo: nyingi huzuia vifaa kuonana.

Umeme ukikatika Nachingwea katikati ya mchezo, shamba linapotea?

Halipotei. Stardew huhifadhi pale tu wote wanapolala, na siku nzima ya gemu, saa 12 asubuhi hadi saa 8 usiku, ni kama dakika 14 za kweli. Basi hasara yako ni siku moja ya gemu. Hatari ni umeme kukatika wakati ule ule wa kuhifadhi. Nakili folda ya Saves iliyo ndani ya %appdata%\StardewValley kwenye flashi kila wiki, na mwenyeji awe mwenye betri nzima, kwani shamba linakaa kwake. Kwake kukizima, wote mmetoka.

Mimi ni mwanafunzi Mtwara, nina simu tu. Na rafiki zangu hivyohivyo.

Mdogo wetu, Sky: Children of the Light ni ya bure na nzuri sana, mnashikana mikono na kuruka, lakini bila intaneti haifunguki. Minecraft ya simu hucheza kwa hotispoti: mwenye dunia awashe kuonekana na wachezaji wa LAN, wengine wataiona kwenye orodha, mradi kila mmoja awe na nakala yake. Kama hamna hela kabisa, pakueni Spaceteam ya Henry Smith, iliyotoka 2012. Kila simu inaonyesha amri ambayo kitufe chake kiko kwenye simu ya mwenzako, kwa hiyo mnapigiana kelele mpaka chombo chenu cha angani kilipuke. Tulivu si tulivu, basi msiicheze bwenini baada ya taa kuzimwa.